Mashine ya kubana mikebe ya alumini na shaba kwa yadi ndogo ya Kariobangi: tani 20 au tani 60?

Mwenye Yadi, Kariobangi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaendesha yadi ndogo ya vyuma chakavu karibu na viwanda vidogo vya Kariobangi, na kwa miaka sita sasa kazi yangu kubwa imekuwa metali zisizo za chuma: alumini, shaba nyekundu, shaba njano na risasi kidogo. Wanaoniletea mzigo ni akina mama na vijana wanaozunguka na mikokoteni kutoka Dandora, Huruma na Korogocho, na sehemu kubwa ya wanachokileta ni mikebe ya vinywaji, sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha, rejeta za magari na vipande vya nyaya.

Tatizo langu ni usafirishaji. Canter ninayoitumia ina sanduku la urefu wa mita 4.2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2, nayo inaruhusiwa kubeba tani 3. Tukiijaza mikebe mpaka turubai lisifunge, mizani ya mnunuzi wangu wa Barabara ya Lunga Lunga husoma takriban kilo 500. Dizeli, dereva na mpakizi hugharimu sawa na mzigo kamili, kwa hiyo ninalipia safari sita kwa mzigo ambao ungeenda kwa safari moja. Vijana wangu huikanyaga mikebe kwa miguu kabla ya kuipakia, lakini kazi hiyo inawachosha, inawakata vifundo vya miguu, na nafuu yake ni ndogo.

Nimeonyeshwa mashine mbili za haidroli. Ya kwanza ataiunda fundi wa hapa Kariobangi: nguvu ya tani 20, na chumba cha kubania chenye uso wa sentimita 60 kwa 40. Ya pili imetumika ng'ambo na kuingia kupitia bandari ya Mombasa. Muuzaji anasema ni ya tani 60, uso wake ni sentimita 120 kwa 80, na bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Mtu yeyote angesema tani 60 ni bora kuliko tani 20, lakini sitaki kuiweka akiba yangu yote pamoja na mkopo wa chama kwenye kitu nisichokielewa. Kwa wiki napokea karibu tani 2 za mikebe, kilo 600 za sufuria, mabati ya alumini na fremu, na kilo 300 za shaba za kila aina. Je, mashine moja inaweza kuzibana zote? Je, umeme wa fezi moja nilio nao utatosha? Na ni jambo gani ambalo muuzaji hatanieleza?

Fundi wa Haidroli, Eneo la Viwanda

Ndugu Mwenye Yadi, umefanya vyema kuandika vipimo vya uso wa chumba, kwa sababu bila vipimo hivyo idadi ya tani haimwambii mnunuzi kitu. Mkebe hukunjwa na nguvu inayofika kwenye kila sentimita ya mraba ya mzigo. Uso wa 60 kwa 40 una sentimita za mraba 2,400. Ukizigawia kilo 20,000 unapata kilo 8.3 kwa kila sentimita ya mraba. Uso wa 120 kwa 80 una sentimita za mraba 9,600. Ukizigawia kilo 60,000 unapata kilo 6.25 tu. Ile mashine unayoiona kubwa itabana mikebe yako kwa ulegevu zaidi kuliko ile ndogo. Nikikisia kutokana na vipimo vyake, iliundwa kwa ajili ya makatoni na plastiki, na kwa kazi hiyo huenda ni mashine nzuri sana.

Tazama pia uzito wa robota litakalotoka. Robota la sentimita 120 kwa 80 kwa 70 la mikebe lina zaidi ya kilo 150, na hukusema kwamba una foklifti. Robota la 60 kwa 40 kwa 40 lina karibu kilo 24, ambalo kijana mmoja analinyanyua na kulipanga ndani ya Canter bila kuumia mgongo. Marobota ya aina hiyo yakipangwa vizuri, meta za ujazo 12 zinatosha kutimiza tani zako 3, na bado sanduku linabaki na nafasi.

Sasa kuhusu mashine moja kubana kila kitu, jibu langu ni hapana. Mikebe ni laini na kilo 8 kwa sentimita ya mraba zinaitosha. Sufuria nene na fremu za madirisha zinahitaji nguvu mara kumi hivi: mashine zinazobana kutoka pande tatu, za tani 125 kwa mfano, hufikisha karibu kilo 78 kwa sentimita ya mraba kwenye uso wa 40 kwa 40, na bei yake si ya yadi ya ukubwa wako. Kwa kilo 600 kwa wiki, mashine ndogo ya kukatia, ile yenye taya linalofumba kama la mamba, itakufaa zaidi. Kata fremu ziwe vipande vya sawasawa, zing'oe skrubu na bawaba za chuma, kisha uzipange kwenye magunia. Vitu vilivyosubuliwa, kama pistoni na maganda ya gia, usiviingize kabisa kwenye chumba cha kubania. Havikunjiki, hupasuka na kuchimba kuta, na kipande kimoja kikikaa vibaya kinaweza kupindisha mlango.

Ukikubaliana na fundi wa Kariobangi, muulize silinda ataitoa wapi. Nimeona mashine kadhaa zilizowekewa silinda ya tipa kwa sababu ni rahisi kuipata kwenye soko la vipuri la Grogan. Silinda nyingi za tipa husukuma upande mmoja tu, na hurudi kwa uzito wa sanduku la lori. Kwenye mashine ya kubana hakuna uzito wa kuirudisha, kwa hiyo bamba likishuka halipandi, na hapo ndipo watu huanza kufunga springi na minyororo ambayo siku moja itamwumiza mtu. Taka silinda inayosukuma na kuvuta, kama zile za mikono ya mashine za kuchimbia. Yenye kipenyo cha ndani cha milimita 110, kwa shinikizo la baa 200, hutoa tani 19 na nusu hivi, nayo ndiyo hiyo tani 20 yako.

Kuhusu umeme: mota ya kilowati 7.5 ikiendesha pampu kwa baa 200 hutoa takriban lita 19 za mafuta kwa dakika. Silinda hiyo, ikiwa na mwendo wa milimita 800, hujazwa na lita 7.6, kwa hiyo bamba hushuka kwa sekunde 24. Mota hiyo inataka fezi tatu za volti 415. Kwa fezi moja utaishia kwenye mota ya kilowati 2.2, na bamba hilo hilo litachukua sekunde 80 kushuka. Kazi itafanyika, lakini polepole, isipokuwa fundi akuwekee pampu ya hatua mbili, ambayo hukimbia wakati mzigo ni mwepesi na kupunguza mwendo shinikizo linapopanda. Ningekushauri uombe fezi tatu mapema, kabla hata ya kumwaga zege la msingi.

Siku ya majaribio, kabla ya kumaliza kulipa, mwambie fundi aifikishe mashine kwenye shinikizo la juu kabisa, azime mota na kuiacha dakika kumi huku ninyi wawili mkiitazama geji. Sindano ikianguka haraka, ama vali ama sili za silinda hazifai. Vuta uzi kutoka kona hadi kona ya mlango na uone kama mlango unatunisha tumbo. Na mkitafuta mahali mafuta yanapovuja, msitumie mkono hata siku moja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano kwa shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumfanya mtu akatwe kidole au mkono. Tumieni kipande cha katoni.

Msimamizi wa Tanuru, Eneo la Viwanda

Mwanangu, Fundi amekueleza mashine vizuri. Mimi nitakueleza kinachotokea robota lako likifika kwetu, kwa sababu miaka yangu mingi nimeitumia mbele ya tanuru la alumini.

Kwanza, usitafute kubana mpaka mwisho. Wauzaji wa mashine husifu robota gumu kama jiwe, lakini mnunuzi wa mikebe anataka robota ambalo anaweza kulichunguza ndani. Viwango vya chama cha warejelezaji wa Marekani, ambavyo wanunuzi wa nchi nyingi huvifuata, huliita daraja hilo Taldon, na vinataka robota la mikebe lisilopungua kilo 225 kwa meta ya ujazo wala kuzidi 273 kwa mikebe ambayo haikupondwa kwanza, au 353 kwa iliyopondwa. Ukomo wa juu una sababu yake. Mikebe ina rangi na utando wa plastiki, na katika viwanda vinavyouchoma utando huo kabla ya kuyeyusha, hewa ya moto lazima ipenye katikati ya mikebe. Isitoshe, robota likikazwa sana hufunga ndani yake kila kilichokuwamo: mchanga, vifuniko vya chuma, na maji.

Maji ndiyo ninayoyaogopa kuliko vyote. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Tone la maji likizama chini ya metali iliyoyeyuka, hugeuka mvuke na kutanuka karibu mara 1,700 kwa kufumba na kufumbua, na alumini yenyewe huichukua oksijeni ya maji na kuiacha haidrojeni. Wakati mmoja nikiwa kazini, robota lililoonekana kavu kwa nje liliingizwa tanuruni likiwa na soda na maji ya mvua katikati. Metali iliruka mpaka kwenye boriti za paa. Mwenzetu mmoja aliungua shingo na bega, na mpaka leo akivaa shati la kola mimi huliona kovu lake. Kwa hiyo nakuomba, si kwa ajili ya bei tu: toboa au ponda mikebe, ianike juani kwenye wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, na msimu wa mvua za Machi mpaka Mei uyaweke marobota chini ya paa, juu ya mbao. Mikebe ya dawa za kupulizia na mitungi midogo ya gesi itengwe kabisa, maana ile hulipuka ndani ya mashine yako kabla hata ya kutufikia sisi.

Pili, sumaku. Mkebe wa maharagwe na mkebe wa soda hufanana kwa mtu aliyechoka. Funga sumaku kubwa juu ya meza ya kuchambulia na kila gunia lipite hapo. Chuma kikiyeyukia ndani ya alumini hakuna njia rahisi ya kukitoa. Huifanya iwe ngumu na yenye kuvunjika, na robota moja chafu huharibu mapishi mazima. Ndiyo maana tukikuta chuma kwenye robota moja, tunalikatia bei lori zima. Hatukuonei, tunafidia hasara ambayo hatuwezi kuipima mpaka tumekwisha kuyeyusha.

Tatu, tafadhali tenga rejeta. Zile za zamani za shaba zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi. Ukiichanganya na alumini inayokwenda kwa mafundi wa sufuria hapo kwenu Kariobangi na Kamukunji, risasi hiyo itaishia kwenye chakula cha watoto. Tumekwisha kuona Owino Uhuru kule Mombasa jinsi kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowaumiza watu, mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Risasi yako kidogo iuze peke yake, kwa mwenye kibali cha kuishughulikia.

Muuza Shaba, Gikomba

Kaka, mimi nafanya shaba peke yake, kwa hiyo sitagusa mikebe.

Kilo 300 za shaba kwa wiki hazihitaji mashine ya kubana. Shaba nyekundu ni nzito mara tatu na zaidi kuliko alumini kwa ujazo ule ule, na mifereji ya shaba njano ukiijaza kwenye pipa, pipa linakaribia kumshinda mtu. Mimi nilinunua mashine ya kubana miaka minne iliyopita kwa sababu niliona wenzangu wanayo, na muuzaji aliniambia bei ya shaba iliyobanwa ni ya juu zaidi. Mnunuzi wangu wa kwanza aliyakata marobota yote mbele yangu kuangalia kilichomo, akanilipa bei ya daraja la chini kabisa lililoonekana ndani, na mashine ikakaa chini ya turubai mwaka mzima mpaka nilipoiuza kwa hasara. Fedha hiyo ingenunua mashine ya kuchuna nyaya mara mbili.

Mashine ya kuchuna ndiyo itakayokuongezea kipato. Ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono au ya mota ya fezi moja hupasua ganda la plastiki na kuiacha shaba ikiwa inang'aa. Waya wa shaba ulio wazi, usio na rangi wala lehemu na usio mwembamba sana, kwenye soko la dunia huitwa Barley, nao ndio wa bei ya juu kuliko nyaya zote. Ukiuchoma waya huo huo moto, unakuwa mweusi na mkavu, na mnunuzi anakuhesabia Birch, daraja ambalo wanalichukulia kuwa na shaba asilimia 94 hadi 96. Kwa hiyo anayechoma nyaya jioni kando ya mto anajipunguzia fedha kwa mikono yake mwenyewe, na moshi wake ndio mbaya zaidi: ganda la PVC likiungua hutoa gesi ya asidi na sumu ziitwazo dioksini, na shaba yenyewe huchochea dioksini hizo zizidi kuundwa. Vijana wanaokuletea waya uliochomwa, waambie utawalipa zaidi wakiuleta na ganda lake. Mimi nilifanya hivyo, na baada ya miezi michache karibu wote waliacha kuchoma.

Nyaya nyembamba kama nywele, za simu na za mashine za nyumbani, hazichuniki. Zikusanye mpaka zifike mzigo, uziuze kwa mwenye mashine ya kusaga, ambayo huzikatakata ziwe chenga na kutenganisha shaba na plastiki juu ya meza inayotikisika huku hewa ikipulizwa kutoka chini.

Karani wa Mizani, Mukuru

Naongeza neno moja la sheria, kwa kuwa halijatajwa. Chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 unatakiwa uwe na leseni ya Baraza la Vyuma Chakavu na uweke kumbukumbu za kila aliyekuuzia. Wote tunakumbuka biashara ilivyofungwa tarehe 20 Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kukosa umeme, na tukakaa hivyo mpaka tarehe 1 Mei. Sasa fikiria robota: likishafungwa, asili ya kila kipande imepotea. Afisa akikuta kebo nene ndani yake utajieleza vipi? Pima, andika jina na namba ya kitambulisho, piga picha, ndipo mzigo uende kwenye mashine, na kila robota lipewe namba inayorudi kwenye daftari. Mizani yako pia ihakikiwe na Idara ya Vipimo kila mwaka, kwa haki ya hao akina mama wa mikokoteni kabla ya kitu kingine.

Mwenye Yadi, Kariobangi

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu haya mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mke wangu, ambaye ndiye mwenye daftari la chama.

Ile ya tani 60 nimeiacha. Jana nilikwenda kwa fundi wangu, na silinda aliyokuwa ameitenga kwa ajili yangu ilikuwa ya tipa kweli. Tumekubaliana atafute ya kusukuma na kuvuta, hata kama itachelewa wiki mbili. Ombi la fezi tatu nimeanza kulishughulikia. Mama Msimamizi, nilikuwa nikiirundika mikebe chini, kwenye udongo, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maji ya yadi yangu yanaweza kumfika mtu aliye mbele ya moto huko kwenu. Vijana wameanza leo kuunda vitanda vya wavu. Dada Muuza Shaba, mashine ya kuchuna nitainunua kabla ya ile ya kubana, kwa kuwa inaweza kuendeshwa na umeme nilio nao.

Limebaki swali moja kwa Fundi. Kwa mikebe tani 2 kwa wiki, mashine hiyo ndogo itaweza kumaliza kazi, au itanifanya niwaajiri watu wa usiku?

Fundi wa Haidroli, Eneo la Viwanda

Itaweza. Tani 2 kwa marobota ya kilo 24 ni marobota 83 kwa wiki, yaani 14 kwa siku kwa siku sita. Robota moja hula mikebe 1,700 hivi, ambayo ikiwa huru ina karibu meta ya ujazo 0.8, na chumba chako kina takriban 0.24, kwa hiyo mtajaza na kubana mara tano kabla ya kufunga. Kushuka na kupanda kwa bamba ni sekunde 40, na muda uliobaki ni wa kumwaga magunia. Nakadiria dakika 18 kwa robota pamoja na kufunga waya, jambo ambalo ni saa nne na kidogo kwa siku, kwa watu wawili.

Hakikisha tu kwamba mashine inashuka pale mtu anapobonyeza vitufe viwili kwa mikono yake yote miwili, na kwamba mlango ukiwa wazi mota haiwaki. Mwambie fundi aviweke vitufe hivyo umbali ambao mkono mmoja hauwezi kuvifikia vyote. Na siku ya majaribio beba magunia ya kutosha robota zima, yenye mikebe ya kweli ya yadi yako, ulipime robota kwa mizani na utepe mbele yake. Likipungua kilo 22 kwa vipimo tulivyotaja, usimalizie malipo mpaka arekebishe.